T'nalak: Nakshi Hukamilika Kabla ya Kufuma

Kusini mwa kisiwa cha Mindanao, nchini Ufilipino, kando ya Ziwa Sebu, wanaishi Wat'boli. Wanawake wao ndio mafundi wa t'nalak, nguo ya rangi tatu: nyeusi, nyekundu na weupe wa uzi wenyewe. Wageni wanaofika huko humzunguka mfumaji aliyeketi mtamboni wakampiga picha. Lakini kazi ngumu kuliko zote huwa imekwisha kabla hajapitisha uzi wa kwanza, na nguo hii itadumu tu ikiwa kazi hiyo isiyoonekana italipwa na kuheshimiwa.

Uzi wa t'nalak hutoka kwenye abaka, mmea wa jamii moja na mgomba, ambao hupandwa kwa ajili ya shina lake wala si kwa matunda. Shina huchambuliwa ganda kwa ganda, na kila ganda hukwanguliwa kwa kisu mpaka unyevu na nyama yake viishe, zibaki nyuzi tupu. Nyuzi huanikwa, huchaguliwa unene, kisha huunganishwa moja moja, ncha kwa ncha, kwa vifundo vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona kwa urahisi. Nyuzi za abaka ndizo zilizosokotwa kamba za meli kwa miaka mingi. Wajapani walipoiteka Ufilipino mwaka 1942, Uingereza na washirika wake wakaikosa abaka, na katani ya Tanganyika na Kenya ikatafutwa kwa udi na uvumba.

Nyuzi za t'nalak zikishaunganishwa, hufuata kufunga, na hapa ndipo penye roho ya nguo hii. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa nguo, hutandazwa kwenye fremu, na fundi hufunga vishada vyake kimoja baada ya kingine, kwa kukaza. Palipofungwa rangi haipenyi. Kwanza nyuzi huchemshwa siku nyingi pamoja na majani ya mti uitwao k'nalum, zikawa nyeusi. Kisha fundi hufungua sehemu anazotaka ziwe nyekundu tu, akazichemsha tena kwa mizizi ya loko. Palipobaki pamefungwa mpaka mwisho hutoka peupe. Yote haya hufanyika bila karatasi wala mchoro wa kufuatisha. Fundi lazima ajue tangu mwanzo kila uzi utaangukia wapi katika nguo ambayo bado haipo.

Ndiyo maana Wat'boli husema nakshi hizi huletwa ndotoni na Fu Dalu, roho wa abaka. Lang Dulay, fundi mashuhuri kuliko wote, alifundishwa na mama yake akiwa na umri wa miaka 12, na inasemekana alizijua nakshi kama 100: mawingu, vipepeo na nyinginezo. Mwaka 1998 serikali ilimtunuku Gawad sa Manlilikha ng Bayan, heshima ya juu kabisa kwa mafundi wa jadi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1992. Sheria hiyo humpa fundi posho, na kumtaka awarithishe wengine ujuzi wake. Lang Dulay alifundisha mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2015.

Mtamboni, ncha moja ya mtande hufungwa kwenye nguzo ya nyumba na nyingine kwenye mkanda uliozunguka kiuno cha mfumaji, hivyo mwili wake ndio unaokaza nyuzi. Jua likiwa kali abaka hukauka na kukatika ovyo, kwa hiyo saa nzuri za kufuma ni alfajiri na jioni. Nguo ikikamilika husuguliwa kwa kauri mpaka ing'ae.

Kila Julai mji wa Koronadal hufanya Tamasha la T'nalak, kukumbuka kuundwa kwa mkoa wa South Cotabato tarehe 18 Julai 1966. Mitaa hujaa ngoma na mavazi, na jina la nguo hii hufika mbali. Hilo ni jambo jema. Lakini umaarufu huleta wanunuzi wenye haraka, na haraka huleta nguo za kiwandani zilizopigwa chapa ya nakshi za Wat'boli.

Kuzitofautisha si vigumu. Tazama kingo za nakshi: kwenye t'nalak ya kweli rangi hujipenyeza kidogo pembeni mwa kifungo, kwa hiyo mstari huwa na ukungu mwembamba. Igeuze: nakshi iko pande zote mbili, kwa kuwa rangi imo ndani ya uzi. Iliyopigwa chapa ina mistari mikali, na mgongo wake umefifia.

Kwa mila, t'nalak ilitolewa kwenye mahari na haikukatwa hovyo, kwa kuhofia maradhi. Leo hushonwa mikoba na pochi, na sioni ubaya ikiwa fundi ameridhia na amelipwa. Kosa ni kuipima kwa mita, kana kwamba thamani yake huanzia mtamboni. Anayeipenda nguo hii aulize imefungwa na nani na kwa muda gani, kisha alipe kwa jibu hilo. Tamasha nalo limpandishe jukwaani mfungaji na fremu yake, kwa sababu binti wa Ziwa Sebu atajifunza kufunga pale tu atakapoona kazi hiyo ina heshima na inalisha nyumba.