Mashine Iko Mbali, Habari Zake Ziko Mezani

Tangu mwaka 1954 kituo cha CERN, karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi, kimekuwa kikichunguza chembe ndogo kabisa za maumbile. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2019 kituo hicho kilikuwa na ukumbi wa pili wa kompyuta katika mji wa Budapest, Hungaria. Miji hiyo miwili imeachana kwa kiasi cha kilomita 1,000. Wenyeji wa Budapest walizifunga mashine kwenye makabati na kubadilisha vipuri vilivyoharibika. Mafundi waliozitawala walibaki Geneva.

Kompyuta mpya haifai kitu mpaka itiwe mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala diski, kumbukumbu na programu nyingine zote. Mwenye kompyuta moja huketi mbele yake akijibu maswali: lugha gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi. Mwenye kompyuta mia hana budi kuyaandika majibu mapema. Katika Linux ya Red Hat na jamaa zake, ambazo CERN huzitumia, jalada hilo la majibu huitwa Kickstart. Mashine ikiwashwa huomba anwani kwenye mtandao, hupewa programu ya kuanzia, huyasoma majibu, kisha hujiendea yenyewe.

Taabu huanza inapoacha kwenda. Jibu moja likisahauliwa, mashine huweza kusimama na kuuliza swali kwenye skrini isiyotazamwa na mtu yeyote, ikangoja hadi asubuhi. Kwa aliye mbali, mashine inayofanya kazi kimya na mashine iliyokwama kimya ni kitu kimoja. Askari aliyewahi kukaa kwenye redio usiku akingoja sauti ya mwenzake wa lindo la mbali hahitaji kuelezwa zaidi.

Hasara nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Mpaka karibu na mwisho, kumbukumbu za kazi hukaa katika kumbukumbu ya muda, wala si kwenye diski. Kazi ikivunjika katikati na mashine ikazimwa, maelezo ya kilichotokea hupotea pamoja na umeme. Fundi mwenye haraka anayeizima na kuiwasha tena huwa amejifutia ushahidi wake mwenyewe.

Dawa yake ni kuiagiza mashine, tangu inapoamka, itume kila mstari wa habari zake kwa kompyuta nyingine iliyowekwa kuzipokea. Njia hiyo, iitwayo syslog, ni ya miaka ya 1980, na ingali inatumika. Kasoro yake ni kwamba kwa desturi ya zamani ujumbe hutupwa mtandaoni pasipo kungoja jibu, kwa hiyo mmoja waweza kupotea njiani bila mtu kujua. Mafundi waangalifu huchagua njia inayothibitisha kupokelewa.

Lakini mtandao wenyewe ukikataa je? Ndani ya kompyuta nyingi za kazi kubwa mna kompyuta ndogo ya pili, yenye anwani yake, iliyo macho hata kubwa ikiwa imezimwa. Kanuni ya kuzungumza nayo, IPMI, ilitolewa mwaka 1998, na toleo lake la mwaka 2004 liliweka utaratibu mmoja wa kusoma maandishi ya mashine kwa mbali. Kwa njia hiyo fundi hulisoma swali lililokwamisha kazi, akalijibu. Mlango huo, hata hivyo, huweza pia kuizima mashine, kwa hiyo haufai kuachwa wazi kwenye mtandao wa watu wote.

Mwisho wa kazi nao wataka taarifa. Mashine iliyopangiwa kuanzia mtandaoni, isipoambiwa kwamba imekwisha, itaamka, itapewa majibu yale yale, na kuifuta diski upya. Kisha tena, na tena. Katika huduma ya CERN iitwayo AIMS, hatua ya mwisho ya jalada la majibu hutuma ujumbe kwamba kazi imetimia, ili mara ijayo mashine iamke kwa diski yake. Ujumbe huo mfupi una thamani kuliko kurasa nyingi za habari, na usipofika kwa wakati uliowekwa, ndipo mtu aamshwe.

Hapo ndipo kumbukumbu zilizohifadhiwa hulipa. Zikitaja kwamba diski ya pili haikuonekana, mfanyakazi aliye ukumbini hupigiwa simu na kuelekezwa kabati, mashine na nafasi yenyewe. Zisipokuwapo, atakisia, na huenda akaichomoa diski nzima na kuiacha mbovu mahali pake.