Kweli au Uongo: Yanayobishaniwa Birongo

Ukitaka ubishi wenye ladha Birongo, subiri mvua ya alasiri iwakusanye wanabodaboda na wauza ndizi chini ya kibanda kimoja. Wadi hii ya Nyaribari Chache, Kisii, haina uhaba wa wajuzi. Shida ni kwamba mambo ya kweli kuhusu Wakisii hudhaniwa hekaya, na hekaya huapiwa kama Biblia. Tuyapepete machache.

Kipchoge Keino ndiye Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki.

Uongo, na huu unauma kidogo. Wa kwanza ni Naftali Temu, mwanajeshi na mwana wa Nyamira. Tarehe 13 Oktoba 1968, jijini Mexico City, alikimbia mita 10,000 pamoja na huyo huyo Keino. Zikiwa zimebaki raundi mbili hivi, Keino, aliyekuwa anaugua nyongo, alizidiwa na maumivu akaanguka kwenye nyasi. Mbele, Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amechomoka. Temu akamfuata, akamnyaka mwishoni kabisa na kumshinda kwa sekunde 0.6. Wiki moja baadaye ndipo Keino alipotwaa dhahabu yake ya mita 1,500, na kwa kuwa zilikuwa mbio za kusisimua mno, kumbukumbu ya taifa ikahamia huko. Temu alishinda pia shaba ya mita 5,000 katika michezo ile ile, na miaka miwili kabla yake alikuwa ameshinda maili sita katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Jamaika, akimwacha Ron Clarke wa Australia. Alifariki mwaka 2003. Muulize kijana yeyote wa Nairobi Temu ni nani, halafu hesabu muda atakaonyamaza.

Robert Ouko aliyekimbia Olimpiki ndiye waziri aliyeuawa 1990.

Uongo. Majina yamegongana tu. Waziri wa mambo ya nje alikuwa Mjaluo wa upande wa Kisumu. Mkimbiaji ni Mkisii, mmoja wa wanne walioshinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne huko Munich mwaka 1972. Wenzake walikuwa Charles Asati, Hezahkiah Nyamau na Julius Sang. Watatu kati ya hao wanne ni Wakisii, kwa hiyo anayekuambia mbio ni za Wakalenjin peke yao mpe hesabu hiyo.

Otenyo alimuua mzungu Nyarigoti.

Uongo, ingawa ukisema hivyo mbele ya wazee jiandae kujitetea. Nyarigoti ni G. A. S. Northcote, afisa wa kikoloni aliyesimamia Kisii. Januari 1908, baada ya mifugo ya watu kunyang'anywa, Otenyo Nyamaterere, akichochewa na mtabiri Moraa, alimchoma mkuki mgongoni. Northcote akapona. Waliokufa ni Wakisii: jeshi la King's African Rifles lilitumwa kulipiza kisasi, likachoma nyumba na kuua watu wengi hata Winston Churchill, wakati huo naibu katika wizara ya makoloni kule London, akalalamika kwamba mauaji yamepita kiasi. Churchill si mtu ninayemtarajia kuwa wakili wa Wakisii, lakini ndivyo ilivyokuwa. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Northcote naye alizidi kupanda vyeo, akawa gavana wa British Guiana, na kuanzia 1937 gavana wa Hong Kong.

Wajerumani waliwahi kuuteka mji wa Kisii.

Kweli, na ndiyo husikilizwa kwa kicheko. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa havijafikisha hata miezi miwili wakati kikosi cha Wajerumani kilipovuka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuingia mjini bila kupingwa. Tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza wakarudi, wakapigana nao, na Wajerumani wakaondoka. Katikati ya vurugu hizo wenyeji wengi waliamini utabiri wa mtabiri wao Sakawa umetimia, kwamba wazungu wamekwenda zao. Wakapora ofisi na misheni ya Nyabururu. Waliporudi, Waingereza waliwatoza faini ya ng'ombe.

Mawe ya Kisii huchimbwa Kisii mjini.

Uongo. Mjini yanauzwa. Yanachimbwa na kuchongwa Tabaka, Mugirango Kusini, kwao Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris.

Waganga wa Kisii walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliye hai.

Kweli tupu. Mtaalamu huyo aliitwa omobari omotwe. Aliyemwendea kwa kawaida alikuwa amepigwa au ameanguka, kisha kichwa kikamuuma bila kukoma. Mganga alichana ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa polepole kwa kisu kidogo mpaka sehemu iliyoharibika itoke, akiwa mwangalifu asiguse utando unaofunika ubongo. Kisha akakitibu kidonda kwa dawa za miti. Daktari Mkanada Edward Margetts, aliyefanya kazi hospitali ya Mathari miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuiandikia makala, na wako wagonjwa waliopasuliwa zaidi ya mara moja wakaishi. Wanaocheka hadithi hii mara nyingi ni vijana wa huku huku.

Hakuna Mkisii aliyewahi kuwania urais kwa nguvu.

Uongo, na Birongo ndiyo ingepaswa kujua kuliko wote: Simeon Nyachae, mbunge wa Nyaribari Chache, alishika nafasi ya tatu mwaka 2002 kwa tiketi ya Ford-People.

Keroka iko kaunti ya Kisii.

Inategemea umesimama wapi. Mpaka wa Kisii na Nyamira umeukata mji huo, na wafanyabiashara wamelalamika kwamba wakusanyaji ushuru wa pande zote mbili huwafikia bila kupotea njia.