Walimu tusiuhukumu mchezo tusioucheza

Likizo ya Agosti mwaka uliopita, mpwa wangu aliyekuwa akijiandaa kuingia chuo kikuu aliniachia kipakatalishi chake nimtunzie. Hakuniachia bure. "Mjomba," alisema huku akicheka, "kabla hujaendelea kutusema sisi vijana, upande mlima huu hadi kileleni. Ukifika, nitakaa kitako niisikilize hotuba yako yote."

Mlima wenyewe ni mchezo wa tarakilishi uitwao Celeste. Nami, mwalimu wa Kiswahili wa miaka ishirini na ushei, niliyewahi kuwanyang'anya wanafunzi simu zisizo na idadi, niliikubali changamoto ile kwa kiburi cha mtu mzima. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ikanichukua majuma matatu, na nilipofika kileleni mchezo ukanionyesha kwamba njiani nilikuwa nimekufa mara 2,641. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kuwa nazungumzia jambo la kusimuliwa.

Aina ya michezo ninayoikusudia ni ile ambayo mchezaji humtazama mhusika kwa ubavu, akamkimbiza, akamrusha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akamwepusha na miiba na mashimo. Waliokulia mijini katika miaka ya tisini watakumbuka Super Mario Bros., mchezo uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1985. Tofauti ni kwamba hii ya leo aghalabu hutungwa na watu wachache walio huru, wasioajiriwa na kampuni kubwa, na wakati mwingine na mtu mmoja pekee. Daisuke Amaya wa Japani alikesha miaka mitano, peke yake, akiutunga Cave Story. Alipoumaliza mwaka 2004 aliutoa bure. Celeste nao ulianza kama kijimchezo kidogo walichokitunga Maddy Thorson na Noel Berry kwa siku nne mwaka 2015, kabla ya kukuzwa na kutolewa kamili Januari 2018. Kazi za namna hii hukaribia riwaya kuliko zinavyokaribia bidhaa za kiwandani. Unaisikia sauti ya mtu ndani yake.

Kisa cha Celeste ni chepesi kukisimulia. Msichana aitwaye Madeline, anayesumbuliwa na wasiwasi na huzuni asiyoijua mzizi wake, anaamua kuupanda mlima mkubwa. Humo njiani nafsi yake ya pili inajitenga naye, ikasimama mbele yake kama kivuli chenye maneno makali, na kumwambia kwamba hawezi. Ni nani kati yetu asiyekijua kivuli hicho? Mimi nakiona kila muhula machoni pa mtahiniwa aliyeukata tamaa mtihani kabla hajaigeuza karatasi.

Lakini kisa hicho sicho kilichonikalisha macho hadi saa saba za usiku. Kilichonikalisha ni jinsi mchezo huo unavyoadhibu. Ukianguka unakufa, na kabla hujashusha pumzi umesharejeshwa palepale chumbani ulipoanzia. Hakuna kukaripiwa, hakuna kurudishwa mwanzo wa safari. Tena mchezo wenyewe hukushauri ujivunie idadi ya vifo vyako, kwa kuwa kila kifo ni funzo. Nilipousoma ushauri huo niliguna. Baada ya kifo cha mia tatu nilianza kuuamini.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitambua hadi mpwa wangu aliponieleza kwa simu. Mchezo ule unaoonekana mkali kupita kiasi umejaa huruma ya siri. Ukichelewa kubonyeza kitufe cha kuruka, miguu ya Madeline ikawa imeshauacha ukingo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mchezo hukukubalia kuruka kana kwamba bado unakanyaga ardhi. Kichwa chake kikigonga pembe ya jiwe, mchezo humsogeza kando kidogo apite. Thorson ameyaeleza mambo haya hadharani. Mchezaji hajui kwamba amesaidiwa. Anajua tu kwamba ameweza.

Nilikaa nikalitafakari jambo hilo, kalamu yangu nyekundu ikiwa mezani kando ya rundo la insha. Nimesahihisha insha maelfu. Mara ngapi nimemkata mwanafunzi alama kwa kosa lililokuwa, kwa hakika, upana wa unywele mmoja? Na mara ngapi, nilipomhurumia, nilihakikisha kwamba darasa zima limejua kuwa nimemhurumia?

Humo pia mna sehemu ya mipangilio ambapo mchezaji aliyeshindwa anaruhusiwa kuupunguza mwendo wa mchezo, au hata kumfanya Madeline asife kabisa. Vijana kadhaa niliozungumza nao wanaichukia sehemu hiyo. Wanasema aifunguaye ni mwizi, na kwamba kileleni amefika kwa kubebwa. Mimi sikuifungua, na nakiri kwamba ni kwa majivuno tu. Hata hivyo siafikiani nao. Mlemavu wa mkono, au mzee wa vidole vizito, naye ana haki ya kukijua kisa hicho hadi tamati. Anayesoma riwaya kwa miwani hajamwibia yeyote.

Baada ya Celeste nilinogewa. Nikauomba ushauri, nikaletewa mingine. Limbo, uliotungwa na studio ya Playdead ya Denmark mwaka 2010, ni wa rangi nyeusi, nyeupe na kijivu pekee. Mtoto wa kiume anaamka msituni, anamtafuta dada yake; hakuna neno hata moja linalosemwa. Ni kazi nzuri mno, ila nisingempa mtoto wa shule ya msingi, kwa sababu vifo vya mtoto yule vinatisha na buibui mkubwa wa msitu ule bado anakuja ndotoni mwangu. Braid, wa Jonathan Blow, uliotolewa mwaka 2008, una fumbo la ajabu: unaweza kuurudisha wakati nyuma ukalifuta kosa lako. Mafumbo yake niliyastahi. Nathari yake sikuistahi. Kabla ya kila sehemu kuna vitabu vya kusoma vyenye maneno mazito yanayojikuna mgongo yenyewe, na laiti mwanafunzi wangu angeyaandika ningemwambia arudi akayapunguze nusu. Hollow Knight, kazi ya mwaka 2017 ya watu wachache wa mji wa Adelaide, Australia, nauacha kwa leo; ni mrefu na sijaumaliza.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Novemba 2014 ulitolewa mchezo uitwao Never Alone, ambao pia una jina la Kiinyupiaki, Kisima Ingitchuna. Wainyupiaki ni wenyeji wa kaskazini mwa Alaska, watu wa barafu na nyangumi. Baraza moja la wenyeji lenye makao mjini Anchorage, Cook Inlet Tribal Council, lilikuwa likitafuta njia ya kujipatia mapato bila kutegemea misaada, na papo hapo njia ya kuwarithisha vijana masimulizi ya wazee wao. Likashirikiana na watungaji wa michezo. Wakaichukua ngano ya tufani isiyokoma, ambayo msimulizi wake mashuhuri alikuwa Robert Nasruk Cleveland. Wakamwendea binti yake, aliyekuwa tayari mzee, kumtaka idhini na shauri. Katika ngano ya asili mhusika ni mvulana. Katika mchezo akawa msichana, Nuna, anayesafiri na mbweha mweupe kuitafuta asili ya tufani hiyo.

Msimulizi wa mchezo anasimulia kwa Kiinyupiaki. Maandishi ya Kiingereza yako chini, kwa mgeni. Na kila unapopiga hatua unafunguliwa filamu fupi ambamo wenyeji wenyewe wanaeleza habari za barafu, za uwindaji, za mizimu. Kama mchezo, nitasema wazi, una kasoro: mbweha hutumbukia shimoni bila kosa la mchezaji, na jioni mbili zinatosha kuumaliza. Lakini nilipoisikia sauti ile ya mzee ikisimulia kwa lugha inayozungumzwa na watu wachache mno, kwa utulivu, bila kuomba radhi kwa yeyote, niliona haya. Sisi wenye lugha ya mamilioni tumefanya nini na ngano zetu?

Nitajibu mwenyewe. Tumezifanya orodha. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anaweza kukutajia sifa sita za ngano, dhima tano za khurafa na tofauti nne kati ya mighani na visasili, zote kwa nambari, bila kuwahi katika maisha yake kuketi akasimuliwa ngano moja kuanzia paukwa hadi mwisho. Tunafundisha ganda la yai. Nami nimo katika lawama hii, wala sijitoi.

Yupo hata hivyo mmoja aliyejaribu, naye ana damu ya hapa kwetu. Abubakar Salim ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi waliijua sauti yake mwaka 2017 alipomwigiza Bayek katika mchezo wa Assassin's Creed Origins. Baada ya kufiwa na baba yake alianzisha studio ndogo, na Aprili 2024 ikatoa Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa kuruka na kupigana. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwahidi kumletea mizimu mitatu mikuu iliyokataa kufa, ili naye arejeshewe mzazi wake. Anavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Na mchezo huo una sauti za Kiswahili.

Niliucheza nyumbani kwa rafiki ya mpwa wangu, mwenye mtambo unaouwezea. Tulikuwa wanne sebuleni. Nilipobadilisha lugha, Kiswahili kikatoka katika runinga ile, si katika taarifa ya habari wala mahubiri wala tangazo la sabuni, bali kinywani mwa shujaa aruka-ye magenge, kijana mmoja alisema "Ala!" kisha akanyamaza. Wote tulinyamaza. Nimefundisha lugha hii zaidi ya miongo miwili nikiambiwa na wanafunzi kwamba ni ya kufanyia mtihani.

Sitausifu kupita ulivyo. Wahusika wake huieleza huzuni yao waziwazi mno, kama washauri nasaha. Ningependa waiache itambulike kwa matendo, kama Limbo unavyofanya pasipo neno. Aidha jamii ya mizimu yake ni mchanganyiko: Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa, GaGorib ni wa Wakhoikhoi, Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi. Mwalimu aliye ndani yangu aliuliza: Fumo Liyongo yuko wapi, ambaye mauti yake yalikuwa kitovuni na msaliti wake alikuwa mwanawe wa kumzaa? Hicho ni kisa kinacholilia kuchezwa. Na biashara hii haina huruma. Miezi michache tu baada ya mchezo kutoka, mwaka huohuo wa 2024, studio hiyo iliwaachisha kazi zaidi ya watu kumi. Kwa hiyo simwambii mwanafunzi yeyote kwamba humu mna utajiri.

Wenzangu katika chumba cha walimu watanijibu kwamba michezo inapoteza wakati. Kweli inapoteza. Nimeshaona mvulana mwerevu akiporomoka kwa sababu ya kandanda ya kwenye skrini inayochezwa kwa pesa vibandani. Lakini kuiweka michezo yote katika kapu moja ni sawa na kupiga marufuku vitabu kwa sababu ya vijarida vya udaku. Tukiulizwa ni upi mbaya na ni upi mwema, hatuna jibu, kwa kuwa hatukuwahi kuucheza hata mmoja. Mwanafunzi analijua hilo, ndiyo maana karipio letu humpitia juu ya kichwa.

Muhula uliofuata nilijaribu jambo dogo. Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kila mmoja aende nyumbani akasimuliwe ngano na mtu mzima, kisha aigeuze iwe mchezo wa kuruka, si kwa tarakilishi, maana maabara yetu ina chache na nusu yake haziwaki, bali kwa penseli, juu ya karatasi ya hesabu yenye miraba. Masharti yalikuwa mawili: aeleze mhusika hufa vipi, na aeleze anapokufa anarudishwa wapi.

Baadhi waliniletea Mario aliyevishwa kanga. Wengine walinakiliana. Msichana mmoja ambaye huketi nyuma na hainui mkono aliniletea kurasa tisa zilizounganishwa kwa gundi. Alikuwa amekwenda kwa nyanyake mara nne, kwa kuwa kila alipochora, bibi huyo aliitazama karatasi na kumwambia amekosea: zimwi halikai pale, hukaa ng'ambo ya mto; na mto huo hauvukwi kwa kuruka, huvukwa kwa kuimba. Msichana hakujua achore vipi wimbo. Mwishowe aliacha miraba minane mitupu katikati ya ukurasa wa sita, na chini yake akaandika kwamba hapa mchezaji ataiweka chini penseli na kuimba, na asipoujua wimbo hatavuka.

Nilimuuliza, na akishindwa, anarudishwa wapi?

"Kwa nyanya, mwalimu," alisema. "Akaujifunze."