‘Nimekufa’ na ‘nimefiwa’: Sajili ya michezo ya vita

MAJUZI nilikufa mara kumi na nne kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa Ruiru, nyumbani kwa dada yangu, na mpwa wangu alikuwa amenikabidhi padi ili tucheze Call of Duty. Mimi si mchezaji hodari. Hucheza mara moja moja tu ninapowatembelea. Kila nilipopigwa risasi kijana aliangua kicheko: “Anko, umekufa tena! Hata hujui nani amekumaliza.” Nami nikamjibu: “Nimekufa, lakini narudi.”

Niliporejea kwangu, jibu hilo lilinikaa akilini. Je, ni wapi pengine ambapo Mswahili anaweza kusema “nimekufa” akimaanisha hivyo hasa, kisha aendelee na sentensi yake?

Wanaisimujamii huita sajili ile lugha inayotumika katika muktadha maalumu. Tumezoea sajili ya hospitali, ya mahakama na ya matangazo ya kandanda. Michezo ya video ya kivita nayo ina sajili yake, na ina sifa kadhaa zinazostahili kuchunguzwa.

Kwanza, ni sajili ya nafsi ya kwanza. Mchezaji haoni uso wa askari wake. Huona mikono na bunduki tu, kana kwamba macho ya askari ndiyo macho yake. Mtindo huu ulienezwa sana na Doom mwaka wa 1993. Medal of Honor ya 1999 na Call of Duty ya 2003 ziliupeleka kwenye Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na mwaka wa 2019 Call of Duty ikaingia kwenye simu za mkononi, hivyo hata asiye na runinga akaweza kucheza. Kwa kuwa macho ni yake, mchezaji hasemi “askari wangu amepigwa.” Husema “nimepigwa.”

Pili, msamiati wake huchanganya ndimi. Utasikia “ngoja nirilodi,” yaani nijaze risasi. Utasikia pia “amededi” na “nimemdedisha,” maneno ya Sheng. Usichoweza kusikia ni tafsida. Hakuna kijana anayetupa padi na kusema, “Jamani, nimeaga dunia.” Kufariki na kuaga dunia ni maneno ya matanga na matangazo ya vifo, yana uzito ambao mchezo hauwezi kuubeba.

Tatu, kiambishi -me- hubadilika. Kwa kawaida huonyesha tendo lililokamilika ambalo athari yake ingalipo. “Amekufa” ni neno lisilo na marudio. Katika mchezo, athari hiyo hudumu sekunde chache tu, kisha marehemu anasimama na kuokota bunduki.

Sifa ya nne ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Inahusu kauli za kitenzi.

Kitenzi -fa kina silabi moja, ndiyo maana husema “nimekufa” na kubakiza ku-. Ukikinyambua, ku- hiyo huanguka: fia katika kauli ya kutendea, na fiwa katika kauli ya kutendewa. “Nimefiwa” maana yake mtu mwingine amekufa na hasara imeniangukia mimi. Kitenzi -ua nacho kina sura mbili ambazo wengi huzichanganya. Mtu aliyepigwa risasi “ameuawa.” Mama aliyepoteza mwana kwa risasi hiyo “ameuliwa mwanawe.” Herufi ni chache, lakini kauli ya kwanza inamtaja maiti na ya pili inamtaja aliyebaki.

Sasa sikiliza vijana wakicheza kuanzia asubuhi hadi jioni. Utasikia “nimeua,” “nimeuawa” na “nimekufa” mara mia. Hutasikia “nimefiwa” hata mara moja. Mchezo hauna mahali pa neno hilo, kwa sababu askari wake hawana mama, mke wala mtoto. Mtazamo wa nafsi ya kwanza umoja hauwezi kumwona aliyeachwa.

Jambo hili si la nadharia kwa wakazi wa barabara ya Thika. Ukitoka Nairobi unaipita kambi ya jeshi ya Kahawa kabla hujafika Ruiru, na Thika kwenyewe kuna kambi nyingine. Mwaka wa 2003 ulitoka mchezo uitwao Delta Force: Black Hawk Down, unaohusu vita vya Mogadishu vya 1993. Mkenya aliyeucheza aliiingia Somalia kwa macho ya askari wa Marekani, na “sisi” yake ilikuwa ya kuazima. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia kwelikweli. Januari 15, 2016, kambi ya El Adde iliposhambuliwa, “nimefiwa” ilisemwa katika nyumba nyingi za Kenya.

Wiki iliyofuata nilipita Thika, nikaingia katika chumba kimoja cha michezo karibu na steji ya matatu. Palikuwa na kijana mmoja, mwepesi wa vidole kuliko wote. Mara chache alipopigwa, hakusema “nimekufa” kama wenzake. Alisema “nimetoka,” akaweka padi chini, akangoja. Nilipomuuliza mwenzake kwa nini, alinivuta mlangoni na kusema kwa sauti ya chini: “Buda yake alikuwa jeshi. Alienda Somalia, hakurudi.”

Kijana yule hapingi mchezo. Anaupenda na kuushinda. Ila anaijua kauli ambayo mchezo hauijui, na ameuchagulia ulimi wake neno jingine.

Siwaambii wazazi wavunje padi. Nami nitarudi Ruiru nikacheze. Ila mwalimu anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi ajaribu zoezi hili darasani: wanafunzi wanyambue -fa na -ua, kisha waseme ni sura zipi wanazozisikia wanapocheza na ni zipi hawajawahi kuzisikia. Wakishazipata zile zisizosikika, awaulize ni nani huzisema, na huzisema wapi.