Je, Misaada ya Nje Hukuza Uchumi? Mfano wa Kaptembwo

Fedha za wafadhili hutufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ruzuku, ambayo hairudishwi. Ya pili ni mkopo nafuu: riba ni ndogo na muda wa kulipa ni mrefu, lakini hulipwa, na mlipaji ni mwananchi kupitia ushuru. Mradi wa kuboresha makazi yasiyo rasmi (KISIP), ulioanza mwaka 2011 katika miji 15, Nakuru ikiwemo, ulitegemea zaidi mkopo wa Benki ya Dunia.

Je, fedha hizi hukuza uchumi? Wataalamu hawajaafikiana. Korea Kusini ilipokea misaada mingi baada ya vita vilivyokoma 1953, na mwaka 2010 ikajiunga na kundi la nchi wafadhili. Lakini Dambisa Moyo, mwanauchumi kutoka Zambia, aliandika mwaka 2009 kwamba misaada imezifanya serikali za Afrika kuwa tegemezi.

Kaptembwo inatuonyesha tofauti inatoka wapi. Wakazi wengi hapa ni wapangaji, na choo ni cha mwenye ploti. Mpangaji hana uwezo wa kukijenga. Mwenye ploti naye hupata kodi yake hata choo kikijaa. Kuanzia 2012, mashirika ya Practical Action na Umande Trust, kwa ufadhili wa Comic Relief ya Uingereza, yalishirikiana na maafisa wa afya ya umma hapa na mtaani Rhonda. Hayakugawa vyoo. Yaliwakutanisha wapangaji na wenye ploti waone jinsi uchafu unavyofika kwenye chakula na maji, kisha yakawaunganisha wenye ploti na mikopo ya benki ili wajenge wenyewe.

Mbinu hiyo ina gharama, kwani mwenye ploti aliyekopa anaweza kupandisha kodi. Lakini choo kina mwenyewe wa kukitunza mfadhili akiondoka. Na familia isiyougua kuhara haipotezi siku za kazi wala pesa za dawa. Hapo ndipo msaada hugeuka kuwa uchumi.

Wafadhili huondoka kweli. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za afya zilizoitegemea zikayumba kote nchini.

Kwa hivyo, mradi ukiletwa katika wadi yako, uliza maswali matatu:

1. Ni ruzuku au ni mkopo?
2. Ukikamilika, nani atautunza, na kwa bajeti gani?
3. Utampunguzia mkazi gharama gani, au kumwongezea kipato gani?

Katiba, kifungu cha 212, hairuhusu kaunti kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya Bunge la Kaunti. Kwa hivyo maswali haya yapeleke kwa mwakilishi wako wa wadi na katika vikao vya umma vya bajeti, kabla mradi haujapitishwa.