Bob Hayes, "Risasi" Aliyewavuruga Walinzi

Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwezi wa Oktoba 1964, majeshi ya Afrika yalijipatia sifa kubwa. Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, alishinda marathoni kwa mara ya pili mfululizo, naye Wilson Kiprugut wa Jeshi la Kenya akatwaa nishani ya shaba katika mita 800, ya kwanza kwa nchi yake. Hayo wasomaji wetu wengi wanayajua. Leo twapenda kumweleza mtu mwingine wa Tokyo, ambaye baada ya kuvua viatu vya mbio alianza kazi ya namna nyingine kabisa.

Mtu huyo ni Robert Hayes, aliyezaliwa Jacksonville, Florida, mwaka 1942, na kusoma Florida A&M, chuo cha Wamarekani Weusi. Mwaka 1963 alikuwa mtu wa kwanza kukimbia yadi 100 kwa sekunde 9.1. Huko Tokyo alipangiwa njia ya kwanza, iliyokuwa imechimbuliwa na miguu ya watembeaji wa kilomita 20, na yasimuliwa kwamba kiatu kimoja alikuwa amekiazima. Alishinda mita 100 kwa sekunde 10.0, sawa na rekodi ya dunia. Katika mbio za kupokezana vijiti alipokea kijiti akiwa nyuma ya timu kadhaa, akazipita zote. Saa za mkono zilizopima kipande chake hazikupatana, nyingine zikionyesha sekunde 8.5 na nyingine 8.9, lakini timu yake iliweka rekodi mpya ya dunia.

Mwaka 1965 alijiunga na Dallas Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani. Mchezo huo si kabumbu tuijuayo. Watu 11 kila upande hugombea uwanja wa yadi 100, na timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10, ikishindwa, hunyang'anywa. Kwa macho ya askari wafanana zaidi na zoezi la kushambulia kilima. Kazi ya Hayes ilikuwa ya mpokeaji wa pembeni: husimama karibu na ukingo wa uwanja, hukimbia, humpotosha mlinzi wake, kisha huudaka mpira uliorushwa kutoka mbali.

Wengi walidhani mkimbiaji hatakuwa na mikono ya kudakia. Mwaka wake wa kwanza Hayes alidaka mara 46 na kupata yadi 1,003. Mwaka 1966, dhidi ya Washington, alidaka mpira mmoja uliozaa yadi 95, yaani karibu uwanja mzima.

Desturi ya wakati ule ilikuwa mlinzi mmoja kumfuata mpokeaji mmoja. Kwa Hayes desturi hiyo haikufaa kitu, kwani hapakuwapo mlinzi wa kwenda naye sambamba. Ndipo makocha wakazidi kugawa uwanja katika maeneo, kila mlinzi akashika eneo lake na kumngoja adui aingie, kama doria zinavyogawana lindo. Ulinzi huo ulijulikana kabla yake, lakini Hayes hutajwa miongoni mwa waliolazimisha uenee.

Hata hivyo hakukosa kasoro. Tarehe 31 Desemba 1967, huko Green Bay, katika baridi ya nyuzi 25 hivi chini ya sifuri, alitia mikono ndani ya suruali kila mara mpira usipokusudiwa kwake. Wapinzani wakaisoma ishara hiyo kama kitabu kilichofunguliwa. Dallas ikashindwa 21 kwa 17. Twashangaa kwamba kocha wake, Tom Landry, aliyeruka safari 30 za vita katika ndege za mabomu, hakuiona mapema.

Ushindi ulifika tarehe 16 Januari 1972 mjini New Orleans, Dallas ilipoifunga Miami 24 kwa 3 na kuwa bingwa. Mrushaji wa mpira siku hiyo alikuwa Roger Staubach, aliyehitimu chuo cha maofisa wa jeshi la majini na kutumikia Vietnam. Hayes akawa mtu wa kwanza kuwa na nishani ya dhahabu ya Olimpiki pamoja na pete ya ubingwa huo.

Alistaafu mwaka 1975, baada ya msimu mmoja San Francisco. Alikuwa amedaka mara 371, na mara 71 alivuka mstari wa mwisho wa adui na mpira. Kisha akaanguka. Alikamatwa kwa kumwuzia madawa ya kulevya polisi aliyejificha katika nguo za kiraia. Mwaka 1979 alikiri kosa, akahukumiwa miaka 5, akakaa gerezani miezi 10. Polisi yule alifanya kazi yake, nasi hatuna la kumlaumu. Lakini adhabu ya mahakama ilikwisha, na mlango wa Jumba la Mashujaa wa mchezo huo huko Canton, Ohio, ukabaki umefungwa mwaka baada ya mwaka. Hayes alifariki tarehe 18 Septemba 2002, mjini Jacksonville, akiwa na miaka 59. Mwaka 2004 jina lake lilipelekwa mbele ya wapiga kura likakataliwa. Lilikubaliwa Januari 2009, na mwezi wa Agosti mwaka huo likatangazwa rasmi huko Canton, karibu miaka 7 baada ya kuzikwa kwake.