Mbwa mwitu, mchungaji asiyelipwa wa Gorongosa

MFUGAJI akisikia mbwa mwitu wameonekana karibu na boma lake, jambo la kwanza ni kushika silaha. Kwake mnyama huyo ni hasara tupu. Hata hivyo, katika Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa, katikati ya Msumbiji, mbwa mwitu 14 waliletwa kwa makusudi kutoka Afrika Kusini mwaka 2018.

Gorongosa iko upande wa kusini kabisa wa Bonde la Ufa. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu kuanzia mwaka 1977 hadi 1992, ilisifika kwa wingi wa wanyama. Vita hivyo na ujangili uliofuata viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa, waliouawa kwa ajili ya nyama na meno ya tembo. Simba wachache walinusurika, lakini chui na mbwa mwitu walitoweka.

Mwaka 2008 Serikali ya Msumbiji ilitia saini mkataba wa miaka 20 na taasisi ya mfanyabiashara wa Marekani, Greg Carr, ili kuifufua hifadhi. Wanyama wala majani wakaanza kuongezeka, lakini si kwa mpangilio wa zamani. Kuro, ambao kabla ya vita walikuwa maelfu machache, walifikia zaidi ya 50,000.

Pongo nao walibadili tabia. Kwa kawaida mnyama huyu hujificha vichakani, lakini kwa kukosa wa kumtisha alitoka na kulisha kwenye uwanda wazi unaofurika maji wakati wa mvua. Huko alipata majani yenye lishe bora, akanenepa, huku mimea aliyoipenda ikidhoofika.

Je, ni kweli hofu pekee ingeweza kumrudisha vichakani? Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Princeton, walilijaribu hilo kwa kutumia vipaza sauti vilivyotoa sauti za chui. Pongo waliokuwa uwandani walikimbilia penye miti. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science.

Mfugaji yeyote anaielewa hoja hii. Ng'ombe wakiachwa bila mchungaji hung'ang'ania sehemu moja yenye majani matamu hadi ardhi ibaki tupu. Mchungaji huwahamisha, malisho yakapumzika. Porini kazi hiyo hufanywa na wanyama wawindaji: huua wachache, lakini huwahamisha wengi.

Faida zake hazina budi kufika vijijini pia, kwani mitego ya waya inayotegwa kwa ajili ya kitoweo huua hata mnyama aliyeletwa kwa gharama kubwa. Sheria ya Msumbiji inaagiza asilimia 20 ya mapato ya hifadhi iende kwa jamii zinazoizunguka.

Kwa Tanzania, somo hili si geni. Mbwa mwitu walitoweka katika nyanda za Serengeti mwaka 1991, na kichaa cha mbwa kilitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha ilianza kwa kuwahamishia hifadhini makundi kutoka Loliondo, ambako wafugaji walilalamikia kuliwa kwa mifugo yao. Malalamiko hayo ni ya haki, kwani mbuzi aliyeliwa ni ada ya shule iliyopotea, na mwenye mbuzi haoni mapato ya utalii kila siku.

Hata hivyo, zipo hatua zinazomfaa mfugaji na hifadhi kwa pamoja: kuimarisha zizi, kutowaacha watoto wadogo kuchunga peke yao karibu na mapori, na kuwachanja mbwa wa nyumbani dhidi ya kichaa. Chanjo hiyo humlinda mbwa mwitu, ng'ombe na mwenye boma mwenyewe, kwa kuwa ugonjwa huo hauchagui.